SOMO: PANYA WA BUSTANI NA WA NYUMBA



Kila mara kwenye kliniki tunasema: lima lengalenga, maharagi na karanga karibu na nyumba, ili mtoto apate nguvu. Ni vizuri. Lakini kuna mwingine anayefurahia bustani ile, tena yeye anakuja usiku. Ni panya. Leo tujifunze namna gani kumfukuza bila kuleta ugonjwa nyumbani.

1. Ni mnyama gani anachimba?

Kwanza angalia shimo lenyewe.

Fuko anasukuma udongo juu. Unaona kilima kidogo, lakini mlango hauonekani, sababu ameuziba. Anakula viazi na mihogo chini ya udongo. Nyumbani haingii. Vuna viazi vilivyokomaa, usiviache kukaa udongoni, na mzee wa nyumba atege mtego wa kamba katika njia yake.

Panya anaacha shimo wazi. Mlango ni laini kwa sababu anapita pale kila siku. Utaona mavi madogo meusi na njia nyembamba katika majani. Huyu analala bustanini na kula jikoni. Jike anabeba mimba wiki tatu tu, na anaweza kuzaa watoto watano, sita au zaidi mara moja. Ukichelewa, watakuwa wengi.

2. Juu ya nini panya ni hatari?

Anaharibu chakula. Anakojoa juu ya unga na vyombo. Anauma mtoto aliyelala na mikono michafu ya chakula. Lakini hatari kubwa kwetu Ituri ni tauni. Ugonjwa huu unajulikana hapa tangu miaka ya 1920, na haujakwisha. Mwaka 2020 watu waligonjwa tena upande wa Rethy.

Tauni inaletwa na mdudu mdogo sana asiyeonekana kwa macho. Anakaa katika damu ya panya. Kiroboto anakunywa damu ile, halafu anauma mtu. Muganga mmoja Mfaransa, Paul-Louis Simond, alionyesha jambo hili mwaka 1898.

Sasa sikieni vizuri. Panya akiwa hai, viroboto wanabaki katika manyoya yake. Panya akifa, mwili unapoa, na viroboto wanaruka kutafuta damu nyingine. Nani yuko karibu? Mtoto anayelala chini kwenye mkeka. Kwa hiyo kuua panya si kazi ya kwanza. Ni kazi ya mwisho.

3. Fanya kazi kwa mpango

a) Mnyime chakula. Funika sufuria usiku. Osha vyombo mbele ya kulala. Usiache maganda ya mihogo na mabaki ya chakula uani. Yatupe katika shimo la takataka mbali na nyumba, na kuyafunika na udongo.

b) Mnyime kwa kulala. Kata majani yote karibu na ukuta. Usipande mahindi au viazi mpaka mlangoni. Acha njia safi kati ya bustani na nyumba. Kuni usizirundike chini kando ya ukuta. Ziweke juu ya miti, mbali kidogo.

c) Ziba matundu. Tundu linaloingia kidole linamtosha panya mdogo. Potopoto peke yake atalitoboa, kwa hiyo changanya na mawe madogo.

d) Linda mavuno. Weka mahindi na maharagi ndani ya pipa au bido yenye kifuniko. Ghala iwe juu ya miguu ya mita moja, na kila mguu uvishwe bati pande zote, panya asipande. Isiwe karibu na mti.

e) Mwisho, tega mitego. Panya aliyenaswa usimshike kwa mikono. Msukume kwa fimbo ndefu, umchome au umzike chini sana.

Sumu isiyo na maandiko, ile wanayouza sokoni kwa vipimo, hapana kununua. Imekwisha kuua watoto, mbwa na kuku.

4. Ukiona panya wamekufa wenyewe

Tuseme mama anafika bustanini asubuhi. Anakuta panya wawili wamekufa kati ya lengalenga. Hakuna mtego, hakuna sumu. Kuna wamama watakaosema, "Asante, tumepona." Hapana! Hii ni alama mbaya.

Usiwashike. Ita watoto wote watoke pale. Usichimbe mashimo, usitege mitego tena. Tuma habari kwa kituo cha afya siku ile ile. Wao watatia kwanza dawa ya kuua viroboto ndani ya nyumba na katika mashimo. Viroboto wakifa, ndipo panya wanauawa.

Watoto wetu wanapenda kuchimba panya wa shamba kwa kula. Wafundishe: panya aliyekutwa amekufa au anayelegea, hapana kushika, hapana kuchuna, hapana kula.

5. Alama za tauni

Mtu anapata homa kali kwa ghafula, kichwa kinauma, mwili unalegea. Uvimbe wenye maumivu makali unatoka kwenye kinena, kwapani au shingoni. Usiukate, usiupake dawa ya majani. Mpeleke mgonjwa siku ile ile, hata ni usiku. Dawa iko, na ikianza mapema mgonjwa anapona.

Akikohoa damu na kupumua kwa shida, tauni imeingia mapafuni. Hii inapita kwa mate kutoka mtu mpaka mtu, na bila dawa inaua upesi. Mwaka 2005 iliua watu wengi kule Zobia, katika machimbo ya almasi. Mgonjwa afunike kinywa na kitambaa, nawe vilevile. Wote waliokaa naye waende kupewa dawa, hata kama hawajaanza kugonjwa.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Shimo la fuko na shimo la panya, tofauti yake ni nini?
2. Kwa nini hatuanzi kwa kuua panya?
3. Kuzunguka nyumba yako, panya anapata chakula wapi? Analala wapi?
4. Mtoto wako akileta panya aliyekufa mkononi, utafanya nini?

Mama, leo ukifika nyumbani, zunguka ukuta mara moja. Hesabu matundu. Kesho ziba la kwanza.