Saa 48, filamu moja: vidokezo kwa vikundi vya Kigoma na Ujiji

Mashindano ya kutengeneza filamu fupi ndani ya saa 48 yalianzia Washington, Marekani, mwaka 2001, na tangu hapo yamezunguka miji mingi duniani. Ijumaa jioni kila kikundi huokota kikaratasi chenye aina ya filamu: ya kuchekesha, ya kutisha, ya upelelezi. Kisha vikundi vyote hupewa mhusika mmoja, kitu kimoja na sentensi moja, na vyote vitatu lazima viwemo. Jumapili jioni filamu ya dakika 4 hadi 7 iwe imekabidhiwa. Mpiga video za harusi wa Mwanga anashindana na kampuni yenye kamera za mamilioni, na mara nyingi saa inawatesa wote sawasawa. Iwe mnajiandikisha kwingine au mnaanzisha shindano lenu hapa ziwani, anzieni na haya.

1. Vibali kwanza. Kanuni zinakataza kuandika hadithi au kupiga picha kabla ya muda, lakini hazikatazi kutafuta watu, vifaa na lokesheni. Ulizeni mapema Bodi ya Filamu kuhusu kibali. Mwenyekiti wa mtaa ajue mnakuja, na kwenye mwalo kaongeeni na viongozi wa wavuvi. Stesheni ya Kigoma, ambako reli ya Wajerumani ilifika mwaka 1914, inapendeza kwenye kamera. Hata hivyo, bila barua mkononi msiisogelee: mkizuiwa getini Jumamosi asubuhi, nusu ya siku yenu ya kazi imekwenda.

2. Lokesheni mbili, basi. Kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji ni kilomita zipatazo 8, safari fupi kwa abiria mmoja. Kwa watu kumi wenye stendi, taa na vyakula, kila kuhama kunakula saa nzima. Chagueni ua mmoja na ufuo mmoja vinavyofikika kwa miguu.

3. Historia kubwa isubiri. Najua kishawishi kilivyo. Ujiji ndiko Stanley alikomkuta Livingstone mwaka 1871. Meli ya MV Liemba ililetwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, ikazamishwa mwaka uliofuata na Wajerumani wenyewe, baadaye ikaibuliwa. Hadithi hizo zinastahili filamu ndefu, zenye mavazi, utafiti na bajeti. Dakika 6 zinabeba tatizo moja la mtu mmoja. Mama ameanika dagaa mchangani Kibirizi, wingu linajongea kutoka upande wa Kongo, na mnunuzi aliyeahidi kuja hapokei simu. Hapo mna mhusika, haja, na saa inayomkimbiza, bila kuongeza kitu. Tena ni maisha ya ufuo huu wenyewe, ambayo sinema zetu hazijayatazama vya kutosha.

4. Lijueni jua la huku. Kigoma iko magharibi mno kiasi kwamba jua huzama karibu saa 1 usiku, dakika zipatazo 40 baada ya Dar es Salaam, na linazamia ng'ambo ya ziwa. Mwanga laini wa jioni mnao, lakini ni mfupi: fanyeni mazoezi ya sini hiyo mchana, kamera iwe tayari saa 12. Mchana wenyewe ni mgumu. Mwigizaji akisimama na ziwa nyuma yake, maji yanang'aa na uso wake unakuwa kivuli kitupu. Mgeuzeni, au mtu ashike shuka jeupe kumrudishia mwanga usoni.

5. Taa za wavuvi usiku ni pambo la bure, ila zina kalenda yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa linabaki tupu. Ulizeni pia kama uvuvi umefungwa: mwaka 2024 Tanzania iliufunga katika Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Sini za mtumbwini pigieni karibu na ufuo, kila mtu na jaketi lake la kuokolea. Ziwa hili lina kina cha hadi mita 1,470, na hakuna picha inayostahili roho ya mtu.

6. Sauti, sauti, sauti. Filamu nyingi za haraka hufia hapa. Mtazamaji huvumilia picha yenye chengachenga, lakini asiposikia maneno anaondoka. Ufuoni mna upepo, mawimbi na injini za boti, vyote kwa pamoja. Mpeni mtu mmoja kazi ya sauti tu, asishike kingine. Kama hamna maiki ya kubana shatini, ficheni simu ya pili mfukoni mwa mwigizaji, irekodi kutoka karibu. Mkimaliza sini, waambieni waigizaji warudie mistari yao ndani ya gari lililofungwa vioo, na mrekodi dakika moja ya ufuo bila mtu kusema; edita atawashukuru.

7. Nakala mbili za kila memori kadi, kabla ya kula. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyetoa "Who Killed Captain Alex?" mwaka 2010 na kupendwa duniani kote, hana tena toleo la awali la filamu hiyo, kwa sababu kompyuta ilihitaji nafasi kwa kazi iliyofuata. Chajini kila betri pia. Umeme ukikatika Jumapili mchana, hamtahurumiwa.

8. Muziki uwe wenu. Wimbo wa msanii maarufu bila ruhusa unawaondoa shindanoni. Kigoma haina uhaba wa vipaji: mwiteni kijana wa studio atunge Jumamosi usiku.

9. Jumapili ni ya edita. Upigaji picha uishe Jumamosi; kama sini moja imebaki, ifuteni. Saa 8 mchana mwe na filamu kamili, hata kama ina kasoro, kisha rekebisheni. Kwenye shindano la Washington filamu iliyochelewa huonyeshwa, ila haiwanii tuzo kuu.

10. Baada ya shindano, onyesheni kwanza kwenye kibanda umiza. Kaeni pembeni, mtazame watu badala ya skrini, na muandike ni dakika ya ngapi simu zinaanza kutolewa mifukoni. Kateni hapo. Toleo hilo lililokatwa, lenye tafsiri ya Kiingereza chini ya picha, ndilo la kutuma kwenye tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar.