Uzito wa Kichwa cha Risasi: Ununue Upi kwa Bunduki Yako ya Kuwindia?

Ingia duka la bunduki kule Texas au Idaho wiki chache kabla ya msimu wa kulungu, utakuta rafu imejaa maboksi ya risasi. Yote yameandikwa .30-06, ila moja lina namba 150, jingine 165, jingine 180. Boksi la risasi 20 linaweza kuwa dola 25, la pembeni yake dola 60. Mgeni hushawishika kuchukua nzito kuliko zote, akiamini kubwa ndiyo kali. Usifanye haraka.

Tuanze na namba zenyewe. Ile .30 ni takriban upana wa tundu la mtutu kwa inchi, na 06 ni mwaka 1906, jeshi la Marekani lilipoipokea risasi hiyo. Namba unayotakiwa kuchagua, yaani 150 au 180, ni uzito wa kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka kwenda kwa mnyama. Uzito huo hupimwa kwa greni. Greni 7,000 ni ratili moja, kwa hiyo kichwa cha greni 150 hakifiki hata gramu 10. Sehemu nyingine tatu za risasi ni ganda la shaba ya njano, baruti iliyomo ndani yake, na fataki ndogo kwenye kitako inayoiwasha baruti pini ikiigonga.

Kabla hujatoa pesa, hakikisha sheria inakuruhusu. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaweza kumiliki bunduki Marekani. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kwa kawaida haruhusiwi kushika bunduki wala risasi, isipokuwa sheria ya shirikisho inampa nafuu akiwa na leseni halali ya kuwinda. Ukiwa na shaka na hati zako, muone mwanasheria kwanza. Halafu kila jimbo lina masharti yake. Ohio, kwa mfano, huwezi kuwinda kulungu kwa .30-06, kwa sababu wanataka ganda lililonyooka lisilo na shingo. California tangu tarehe 1 Julai 2019 imekataza vichwa vyenye madini ya risasi katika uwindaji wote. Kitabu cha kanuni cha idara ya wanyamapori ya jimbo lako hutolewa bure. Kisome.

Sasa unawinda nini? Kulungu wa mkia mweupe, ambaye ndiye wengi humfuata, mara nyingi hazidi kilo 100 na kidogo. Huyu greni 150 au 165 zinamtosha kabisa. Elki dume anaweza kufika kilo 300, ana mifupa minene na misuli mingi, basi hapo 165 hadi 180 zina maana. Kama bunduki yako ni .243, tafuta vichwa vya greni 95 hadi 100. Vile vyepesi vya 55 vimetengenezwa kwa wanyama wadogo waharibifu na hupasuka juu juu bila kuzama.

Utaambiwa kichwa chepesi huenda mbali zaidi kwa kuwa kina kasi. Ni kweli, ila kidogo. Kile cha 150 hutoka mtutuni kwa futi kama 2,900 kwa sekunde, cha 180 kama 2,700. Ukiwa umeirekebisha darubini yako ipige katikati kwa yadi 200, vyote viwili vitakuwa vimeshuka kama sentimita 20 vikifika yadi 300, na tofauti kati yao ni sentimita mbili tatu tu. Kulungu hataitambua. Bega lako ndilo litakalotambua, maana kichwa kizito hulipiga bega zaidi, na mtu aliyeanza kuogopa kishindo hufumba macho anapovuta kifyatulio.

Kwangu mimi, jinsi kichwa kilivyotengenezwa ni jambo kubwa kuliko greni 15 za ziada. Kinatakiwa kipanuke kikiingia, bila kusambaratika. Mwaka 1946 mwindaji Mmarekani, John Nosler, alimpiga risasi mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu huko British Columbia, vichwa vikapasuka kabla ya kuzama. Miaka miwili baadaye akaanza kuuza kichwa chenye ukuta katikati, na mpaka leo kinanunuliwa. Vya kawaida vyenye ncha laini ni nafuu na kwa kulungu vinafaa. Vya shaba tupu ni ghali, lakini havitawanyi chembe za madini ya risasi kwenye nyama. Ukitumia vyenye madini hayo, kata nyama ya kuzunguka jeraha kwa ukarimu na uitupe, hasa kama kuna watoto watakaoila. Vya shaba huwa virefu zaidi kwa uzito uleule, kwa hiyo shuka ngazi moja: mahali pa 165 weka 150. Vile vilivyofunikwa metali kote, vya mazoezi ya kijeshi, achana navyo. Havipanuki, na majimbo mengi yamevikataza kwa kulungu.

Ukishapunguza orodha, bunduki yenyewe ndiyo iamue. Nunua boksi moja moja la aina mbili au tatu, nenda uwanja wa shabaha. Laza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, karatasi iwe yadi 100. Piga tatu, subiri mtutu upoe kiasi cha kuushika bila kuungua, piga tatu nyingine. Pima kwa rula umbali kati ya matundu mawili yaliyo mbali zaidi. Bunduki moja huweka 150 ndani ya sentimita tatu na kuitawanya 180 mpaka kumi. Ya jirani yake, ya kiwanda kilekile, hufanya kinyume. Mahali pa kulenga kwenye kifua cha kulungu pana ukubwa wa sahani ya wali, kwa hiyo sentimita nne hazina ubaya.

Je, ujaze risasi mwenyewe nyumbani? Marekani ni halali kwa matumizi yako binafsi. Afrika Mashariki usithubutu: kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, na Kenya uwindaji wenyewe ulifungwa mwaka 1977. Piga hesabu. Vifaa vya kuanzia ni kati ya dola 250 na 500. Kila risasi itakugharimu karibu dola moja ukitumia tena ganda la zamani, wakati ya dukani ni dola moja na robo hadi tatu. Anayepiga maboksi mawili kwa mwaka anaweza kusubiri miaka mingi kabla vifaa havijarudisha pesa. Anayefanya mazoezi kila mwezi, au mwenye bunduki ambayo risasi zake ni adimu, huyo ana sababu.

Ukiamua, nunua kitabu cha vipimo cha mwaka wa karibuni kilichotolewa na mtengenezaji wa baruti au wa vichwa. Kipimo ulichoandikiwa na rafiki kwenye kikaratasi kitupe. Anza na kiwango cha chini kilichomo kitabuni, ambacho mara nyingi ni asilimia 10 chini ya kile cha juu, upande kidogo kidogo. Ukibadilisha chochote, iwe fataki, ganda au kichwa, rudi chini uanze upya. Mgandamizo ndani ya .30-06 hufika ratili 60,000 kwa inchi ya mraba, na uso wako uko sentimita chache kutoka hapo, vaa miwani. Bolti, yaani komeo la bunduki, ikiwa ngumu kufunguka, au fataki ikitoka imebabatika, acha. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, usipige nyingine: ondoa bolti, chungulia mtutu, maana kichwa kinaweza kuwa kimekwama ndani.

Mezani liwepo kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja, na usihamishie baruti kwenye chombo kingine, kwani aina nyingi hufanana kwa macho. Simu weka chumba kingine. Kila boksi ulilojaza libandike karatasi yenye tarehe, jina la baruti, kipimo na uzito wa kichwa.