KUSOMA HESABU NA FALAKI KATIKA VITABU
Darasa kwa mwenye kutaka kujifunza

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumsalia Mtume wake Muhammad na jamaa zake na masahaba zake, haya ni maneno machache juu ya namna ya kujifunza ilimu ya hesabu, na ya tahlili, na ya falaki, kwa njia ya vitabu.

Mara nyingi hutokea msikitini watu wawili wakakhitilafiana juu ya kibla au juu ya wakati wa Sala. Mmoja ashika ratiba iliyopigwa chapa, na mwenziwe ashika ratiba nyingine. Au mmoja ashika dira, na wa pili aonyesha mihrabu iliyojengwa na wazee. Sauti hupanda, na jamaa hugawanyika. Lau wangaliulizwa, "Tarakimu hii ilipatikanaje?" pengine hapana katika wawili hao awezaye kujibu. Kila mmoja ateta kwa hoja ya mtu asiyemjua. Hilo si kosa la ratiba wala si kosa la dira. Ni upungufu wa ilimu, na upungufu huo una dawa.

FASLI YA KWANZA: Daraja ya ilimu hii

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra (1111), naye ni katika maimamu wakubwa wa madhehebu ya Shafii, ameitia hesabu pamoja na utabibu katika faradhi za kifaya. Maana yake ni kwamba mji ukiwa hauna hata mmoja aijuaye, wote wana dhima. Akisimama nayo mmoja akatosheleza, wenziwe wameokoka. Tena amewalaumu wale wadhanio kwamba dini hunusuriwa kwa kukanusha hesabu ya kupatwa kwa jua na mwezi. Kwani mwenye kuijua burhani ya jambo hilo, akiambiwa kwamba dini yalikanusha, hataitilia shaka burhani yake. Ataitilia shaka dini. Basi mwenye kukanusha kwa ujinga ameidhuru dini kuliko adui yake.

FASLI YA PILI: Je, yajuzu kujifunza kwa kitabu bila ya sheikh?

Wazee wamehadharisha kwamba afanyaye kitabu kuwa ndiye sheikh wake, makosa yake huwa mengi. Neno hili ni la kweli, na mahali pake hasa ni katika ilimu za mapokezi, kama kisomo cha Kurani na Hadithi, ambazo hupokewa mtu kwa mtu. Ama hesabu ni ilimu ya burhani. Mwenye kuambiwa ya kwamba pembe tatu za umbo la pembetatu hujumlika digrii 180, hana haja ya kuuliza ni nani aliyesema. Aitazame burhani tu, na ikisimama, yeye mwenyewe amekuwa shahidi.

Kwa ajili hiyo wako waliojifunza sehemu kubwa ya ilimu hii peke yao. Mashuhuri ni Ibn Sina, aliyezaliwa karibu na Bukhara mwaka 370 (980) na kufariki mwaka 428 (1037). Yeye mwenyewe amesimulia kwamba hesabu ya Kihindi, yaani ya tarakimu hizi tuzitumiazo, babake alimpeleka akaisome kwa mtu muuza mboga. Kisha akaletewa mwalimu, jina lake al-Natili. Katika kitabu cha Uqlidis walisoma pamoja maumbo matano au sita ya mwanzo, na yaliyosalia Ibn Sina akayafungua mwenyewe. Wakahamia katika al-Majisti, kitabu cha falaki cha Batlamyus. Walipofika katika maumbo ya handasa, mwalimu akamwambia: soma na ufumbue peke yako, kisha uniletee nikuonyeshe lililo sawa na lililo kosa.

Agizo hilo ndiyo njia iliyo bora. Mwanafunzi atangulie kujitahidi, kisha apeleke kazi yake kwa anayejua. Asiyejitahidi kabla ya kuuliza, jawabu humpitia kama maji juu ya jani la myugwa; na asiyeuliza kabisa, kosa lake huzeeka pamoja naye.

FASLI YA TATU: Utaratibu wa vitabu

Watu wa kale hawakuingia mbinguni kwa ghafula. Kwanza ilikuwa hesabu. Pili kitabu cha Uqlidis kiitwacho al-Usul, nacho kina makala 13. Tatu vitabu vilivyoitwa Mutawassitat, yaani vitabu vya kati, kwa kuwa vilisomwa baina ya Uqlidis na al-Majisti. Ndani yake yamo maumbo ya tufe, kwani mbingu huhesabiwa kwa sura ya tufe. Nasiruddin al-Tusi (597–672, yaani 1201–1274), aliyesimamia jumba la kurasidi nyota la Maragha, alivitengeneza upya vitabu hivyo ili viwe vyepesi kwa wanafunzi. Nne ikawa al-Majisti yenyewe, nayo pia ni makala 13.

Vitabu vya leo ni vingine, lakini ngazi ni ile ile: hesabu, kisha handasa na jabra, kisha hesabu ya pembe na ya tufe, ndipo falaki. Anayeruka ngazi akaanza na kitabu cha nyota hukifunga baada ya siku tatu, akasema, "Mimi sina akili ya mambo haya." Akili anayo; alilokosa ni ngazi.

FASLI YA NNE: Kitabu cha hesabu husomwa kwa mkono

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kwamba kitabu cha hikaya husomwa kwa jicho, lakini kitabu cha hesabu husomwa kwa mkono. Imesimuliwa juu ya Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefariki Misri kadiri ya mwaka 430 (1040), kwamba kila mwaka alikuwa akinakili kwa khati yake Uqlidis, na vile vitabu vya kati, na al-Majisti, akaviuza kwa dinari 150, na hizo ndizo zilizokuwa riziki yake ya mwaka mzima. Basi weka kalamu na karatasi kando ya kitabu. Ukifika penye mas-ala, funika jawabu, ujaribu. Mstari mmoja ulioufumbua mwenyewe ni bora kuliko waraka mzima ulioupitia kwa macho.

Ibn al-Haytham huyo ameandika risala juu ya tahlili na tarkibu. Tahlili ni kulichukulia lile linalotafutwa kana kwamba limekwisha patikana, kisha kurudi nyuma mpaka kwenye lijulikanalo. Tarkibu ni kuishika njia ile ile kwa kwenda mbele, kuanzia kwenye lijulikanalo, mpaka burhani itimie.

Mfano wake: Mtu ana kamba ya pima 20, ataka kuzungusha kiwanja cha pembe nne zilizo sawasawa, kiwe kikubwa kuliko viwanja vyote viwezavyo kuzungushwa kwa kamba hiyo. Urefu na upana pamoja ni pima 10.

Tahlili: Jaalia kiwanja kilicho bora kimepatikana, na urefu wake umezidi upana. Basi ukipunguza kidogo katika urefu ukakitia katika upana, kiwanja huongezeka; kwani 7 kwa 3 ni 21, na 6 kwa 4 ni 24. Kikiwa chaongezeka, hakikuwa bora. Basi kilicho bora hakina budi pande zake ziwe sawa, 5 kwa 5.

Tarkibu: Kila kiwanja kingine kina upande uliozidi 5 kwa kiasi fulani, na upande uliopungua 5 kwa kiasi hicho hicho. Ukivizidisha, utapata 25 kasoro kile kiasi kilichozidishwa kwa nafsi yake. Basi hapana kifikacho 25 illa kile kisichokuwa na kasoro hiyo. Burhani imetimia.

FASLI YA TANO: Mas-ala ya Sharafuddin

Mwingine aitwaye al-Tusi, naye si Nasiruddin bali ni Sharafuddin, aliyefundisha Damascus na Aleppo na Mosul na kufariki kadiri ya mwaka 610 (1213), aliandika kitabu cha jabra juu ya mas-ala yenye adadi iliyozidishwa mara tatu kwa nafsi yake. Aliona ya kwamba mas-ala mengine hayana jawabu. Na ili kujua lipi lina jawabu na lipi halina, ni lazima kwanza kujua kikomo kikubwa ambacho hakiwezi kupitwa.

Mfano: Gawanya 9 mafungu mawili. Fungu la kwanza lizidishe kwa nafsi yake, kisha uzidishe kwa fungu la pili. Ukichukua 5 na 4, utapata 100. Ukichukua 7 na 2, utapata 98. Ukichukua 6 na 3, utapata 108, na hapana kilicho zaidi. Kanuni yake ni kwamba fungu la kwanza liwe thuluthi mbili za adadi nzima.

Na burhani ni hii: twaa tofauti ya fungu la kwanza na 6, uizidishe kwa nafsi yake, kisha uzidishe kwa fungu la kwanza likiongezwa 3. Utakachopata ndicho kiasi jawabu lako lilivyopungua 108. Kwa 5, tofauti ni 1, na 5 ukiongeza 3 ni 8. Basi 108 kasoro 8 ni 100. Kwa 4, tofauti ni 2, nayo kwa nafsi yake ni 4. 4 kwa 7 ni 28. Basi jawabu ni 80. Upungufu huo haupotei kabisa illa tofauti ikiwa si kitu, yaani fungu likiwa ni 6. Ajuaye jabra na auhakikishe mwenyewe kwa kalamu.

Sasa akija mtu akataka mafungu yatakayotoa 110, mwambie hayapo, wala usipoteze usiku wako. Akitaka 108, liko jawabu moja. Akitaka 100, yako majawabu mawili: fungu la 5, na fungu jingine lililopungua 7 kidogo.

Usidhani hayo ni mchezo wa wanazuoni. Fundi wa bati ana kipande cha inchi 18 kila upande. Ataka kukata mraba katika kila pembe, akunje, afanye sanduku lisilo na kifuniko. Akikata inchi 2, sanduku hushika inchi 392 za ujazo. Akikata 4, hushika 400. Akikata 3, hushika 432, na hapana la kulizidi. Hizo ni 98, na 100, na 108 zile zile, kila moja imezidishwa mara 4. Katika karne ya 17, watu wa Ulaya kama Fermat na Newton na Leibniz walipata njia za jumla za kutafuta vikomo hivyo, na ilimu iliyotokana nazo leo huitwa kalkulasi.

FASLI YA SITA: Kitabu nacho hupimwa

Katika falaki mkono hautoshi. Lazima na jicho lielekee mbinguni. Batlamyus aliandika kwamba mayili, yaani kuinama kwa njia ya jua, ni digrii 23 na dakika 51. Wanafalaki wa Khalifa al-Maamun hawakutosheka kumnakili. Walipima, wakapata 23 na dakika 33. Al-Battani, aliyefariki mwaka 317 (929), akapata 23 na dakika 35. Leo ni kadiri ya 23 na dakika 26, kwani mayili yenyewe hupungua polepole kwa muda wa karne. Na Batlamyus naye alikuwa amezidisha. Walimheshimu mwalimu wao, lakini heshima haikuwazuia kupima. Ibn al-Haytham ameandika kitabu kizima cha kuonyesha mashaka katika maneno ya Batlamyus.

Nawe pima. Tarehe 27 au 28 Mei, saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa sita na dakika 27, jua huwa juu ya Kaaba utosini. Saa ya Makka na saa ya pwani yetu ni moja. Simamisha fimbo iliyonyoka mahali tambarare. Kivuli chake kikilala, kibla ni upande ulio kinyume cha kivuli. Kisha rudi kitabuni, uhesabu kwa ilimu ya tufe. Utaona kwamba kibla cha Mombasa ni kaskazini karibu kabisa. Cha Unguja huelekea mashariki ya kaskazini kwa digrii moja na robo hivi. Na cha Lamu huelekea magharibi yake kwa digrii mbili na nusu hivi. Fimbo na kitabu vikikubaliana, umejua. Vikikhitilafiana, tafuta kosa lako kabla ya kumtuhumu mwandishi.

KHATIMA

Kamaluddin bin Yunus wa Mosul (551–639, yaani 1156–1242) alikuwa fakihi wa Kishafii akifundisha fiqhi, naye ndiye aliyesoma hesabu kwa Sharafuddin. Fiqhi haikumfungia mlango wa handasa, wala handasa haikumtoa msikitini.

Basi turudi kwa wale wawili walioteta. Lau mmoja wao angalikuwa amesoma, asingalihitaji kupandisha sauti. Angalichukua fimbo, akamwita mwenziwe uani siku ile ya Mei, wakakitazama kivuli pamoja. Mji usio na mtu kama huyo una deni, na deni hilo hulipwa na yeyote atakayekaa usiku huu na kitabu kimoja na kalamu moja, akaanza ukurasa wa kwanza.

Wabillahi tawfiki.