Somo la Jumamosi: Bibi Anafumba, Wimbo Unafumbua

Ulaya viko vitabu vya watoto ambamo mjukuu anakuta fidla kuukuu kabatini. Anauliza ni ya nani, na polepole anajua kwamba familia yake ni ya Kiyahudi, na yaliyowapata jamaa zake katika vita vya 1939 hadi 1945. Katika nyumba nyingi za Ibra, Nizwa na Sur, kisa cha namna hiyo kinaanzia jikoni.

Tuseme bibi anakanda unga wa mandazi huku anaimba taarabu kwa sauti ya chini. Unaingia, ananyamaza. Unajua amezaliwa Unguja. Mapinduzi ya 12 Januari 1964 yaliua watu wengi, na wengine wakakimbia. Baadhi walipitia Mombasa, Dar es Salaam au Cairo, wakafika Omani baada ya 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani warudi. Bibi hukusimulia karafuu na bahari ya Forodhani. Mwezi ule hausimulii.

Sasa tazama maneno. Unafumba macho, unafumbua macho. Ni kama funga na fungua, ziba na zibua: -u- inageuza kitendo. Kutoka -fumba tunapata fumbo, na taarabu imejaa mafumbo: waridi si waridi, jahazi si jahazi. Ndiyo maana aliyeshindwa kusema jambo anaweza bado kuliimba. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, aliimba hata habari za mauaji na hukumu ya dhulma.

Kwa hiyo usimwulize, "Nani aliuawa?" Hilo ni swali la polisi. Mwamkie kwanza, kisha sema: "Bibi, wimbo huu uliusikia wapi? Nani alipiga udi?" Akitaja jina usilolijua, nyamaza kidogo. Akilia, mshike mkono, daftari lingoje.

Wazazi, msimjibie bibi. Na mtoto akiuliza kwa nini mapinduzi yalitokea, mwambieni pia habari za utumwa na za waliotawaliwa. Nyumba nyingine za Unguja zinaikumbuka siku hiyo hiyo kwa namna nyingine.

Kazi ya nyumbani: andika aya moja kuhusu wimbo mmoja wa nyumbani kwenu. Tumia -fumba na -fumbua. Jambo ambalo bibi hataki lisomwe darasani, liache nje ya daftari; hutapunguziwa alama.