Mdogo Wangu, Usinunue Jani

Mdogo wangu wa Baraka, barua yako nimeisoma na maswali yako nimeyapenda. Unasema sokoni kuna mama anauza sasheti zenye picha ya jani la kijani na maneno ya Kifaransa kwamba zinaoza zenyewe, na bei yake iko juu kuliko zile nyeusi. Unataka kujua kama ukizinunua utakuwa umelisaidia ziwa letu la Tanganyika. Halafu mwishoni umegusia watu wanaogawa mbabula mpya, yaani majiko ya makala, bure, mradi uweke sahihi. Yaya wako atajibu yote mawili, na hilo la mbabula ndilo litakalotuchukua muda.

Kwa sasheti, usiongeze hata franka moja kwa ajili ya lile jani. Nyingi zinazouzwa kwa sifa hiyo ni plastiki ileile, ila imetiwa dawa ya kuifanya ikatikekatike ikipigwa na jua. Kukatika si kuoza. Mfuko ambao ungeweza kuuokota kwa mkono unageuka vipande vidogo vidogo ambavyo hakuna fagio litakalovikusanya, na samaki huvimeza. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku plastiki za dawa hiyo tangu Julai 2021. Zipo nyingine ambazo kweli huoza, lakini nyingi katika hizo zinataka kiwanda maalumu chenye joto la karibu digrii 60. Ukizitupa kwenye mfereji nyuma ya soko, zitakaa palepale na zile nyeusi.

Na ziwa letu halina njia nyingi za kujisafisha. Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470, na maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Maji yakishaingia hukaa humo mamia ya miaka. Tena kinachoingia si cha kwetu peke yetu: takataka za Bukavu hushuka na mto Ruzizi, na pale kwenye bwawa la Ruzizi ya kwanza chupa na sasheti zimekuwa zikiziba mitambo hadi umeme unapungua. Mto huohuo unakuja kumwagika ziwani karibu na Uvira. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba uchafu wa Tanganyika umeletwa na akina mama wa Baraka wanaofungia ndagala kwenye sasheti. Wewe una sehemu yako, ndogo, na hiyo tutaizungumza.

Sheria unayo. Amri ya serikali ya Kinshasa ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Sasheti bado tunaziona, ndiyo, lakini ukienda sokoni na kitunga chako, na bakuli lenye mfuniko kwa ajili ya samaki, unafanya jambo ambalo nchi yako imeshaliandika. Mawese nayo, peleka chupa yako upimiwe. Bibi zetu walifanya hivyo bila kusifiwa na mtu.

Niseme na la makampuni makubwa, kwa sababu ndiko maneno haya yote yanakotoka. Februari 2022 Coca-Cola ilitangaza kwamba ifikapo 2030 robo ya vinywaji vyake duniani vitauzwa katika vyombo vya kurudishwa na kujazwa tena. Watu walipiga makofi. Desemba 2024 ikatoa malengo mapya, na lile la robo halikuwemo. Sasa fikiria: kitu kilichoahidiwa kwa mbwembwe namna ile ndicho tunachokiita vidanje. Chupa ya kioo, unairudisha ndiyo unapewa nyingine, au unaacha pesa ya dhamana. Kila kijana wa kwetu Fizi anaijua tangu alipoanza kutumwa dukani. Kwa hiyo ukikuta soda ya kioo na ya plastiki dukani, chukua ya kioo, urudishe vidanje. Hilo halihitaji jani wala ahadi ya 2030.

Ulaya kwenyewe wamechoka na maneno matupu. Sheria yao ya 2024, inayoanza kutumika Septemba 2026, inakataza kampuni kujiita rafiki wa mazingira bila ushahidi. Bidhaa inayouzwa kwetu haina mlinzi wa namna hiyo, ndiyo maana nataka uwe na macho makali.

Sasa mbabula.

Mbabula bora ni kitu kizuri, nisieleweke vibaya. Wakenya wana jiko lao la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani, tangu miaka ya 1980, na udongo ule ukiwa mzima linapunguza makala kwa theluthi au zaidi. Watu walilinunua wenyewe kwa sababu pesa ya makala ilipungua kweli, na mafundi wa kulitengeneza walikuwa mtaani. Kwetu haja ya kupunguza makala ni kubwa. Makala yanashuka kutoka milimani, misitu inarudi nyuma kila mwaka, na tangu 2015 tuna ndugu zetu wakimbizi wa Burundi pale Lusenda ambao nao lazima wapike. Hawana kosa, kila mtu anataka bukari yake iive.

Lakini mbabula ya bure mara nyingi inalipiwa na mtu, na ni haki yako kujua anapata nini. Mambo huenda hivi: kampuni ya mbali inayotoa moshi mwingi inanunua cheti kinachosema kwamba mama fulani huku Afrika amepunguza makala, basi moshi wake na ule aliouokoa huyo mama vinafutana. Hesabu ya vyeti inategemea ni akina mama wangapi wanaitumia mbabula, na wameokoa kiasi gani. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wa miradi ya namna hiyo, wakakuta vyeti vilivyotolewa vimezidi ukweli kwa karibu mara 9. Oktoba mwaka huohuo waendesha mashtaka wa Marekani wakawashtaki viongozi wa zamani wa kampuni ya C-Quest Capital, wakisema takwimu za majiko yake ya Afrika na Asia zilichezewa ili vyeti viongezeke.

Hili linaniuma kuliko la sasheti. Mama anapuliza moto, macho yanamtoka machozi, halafu inaandikwa mahali kuwa moshi wa jikoni kwake umepungua, na kwa karatasi hiyo kiwanda cha mbali kinaendelea kutoa wake.

Basi fanya hivi. Kabla ya kuisifu mbabula yoyote, ipime. Chukua kopo moja, upike maharagwe kiasi kilekile kwa sufuria ileile, siku moja kwa mbabula ya zamani na siku nyingine kwa mpya, uhesabu makopo ya makala. (Na maharagwe yaloweke usiku kucha, ufunike sufuria, hayo mawili peke yake yatakuokolea makala hata kwenye mbabula ya mzee wako.) Ukiona tofauti, itumie kwa furaha. Usipoiona, hujakosea wewe.

Wakileta karatasi, usiweke sahihi mlangoni umesimama na mtoto mgongoni. Omba isomwe kwa Kiswahili, au kwa Kibembe kama mama mkwe ndiye anayeandikishwa. Mara nyingi kuna mstari unaosema kwamba haki ya moshi uliookolewa unaikabidhi kwa mwenye mradi. Si lazima ukatae, lakini uliza unapata nini zaidi ya mbabula, kwa miaka mingapi, na ni nani wa kupigiwa simu udongo ukipasuka. Baki na nakala.

Na baadaye akija kijana wa mradi na simu yake kuuliza unaitumia siku ngapi kwa wiki, usimpe jibu la kumfurahisha kwa kuogopa kunyang'anywa. Ikiwa ilipasuka mwezi wa pili na sasa kuku anatagia ndani, mwonyeshe kuku. Halafu mwombe akusomee alichoandika kabla hajaondoka.