SOMO: MTOTO ANAYEULIZA
Soma: Luka 2:42-47, Matendo 17:11

Yesu akiwa na miaka 12 alikaa katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Hawakumfukuza. Na sisi je? Tangu mapatano ya mwaka 1977 na Serikali, Kanisa letu la Kimbangu linaongoza shule zake, lakini mara nyingi mtoto ananakili ubao tu na kuimba jibu.

Walimu, jaribuni hivi. Pandeni maharagi katika makopo mawili, moja juani, moja ndani ya sanduku lenye giza. (Makopo hayanunuliwi, yamejaa nyuma ya nyumba.) Msiseme kitu. Watoto waangalie siku 10, waandike, wabishane kwa nini haragi la gizani limekuwa refu, jembamba, la manjano. Ndipo mweleze.

Wazazi wengine husema mtoto wa maswali hana heshima. Hatukubali. Katika vita ya Ituri iliyoanza 1999, uvumi ulitangulia mapanga. Aliyezoea kuuliza "Nani ameona?" ni vigumu kumsukuma. Hata unabii hupimwa (1 Wathesalonike 5:20-21), na watu wa Beroya walichunguza neno la Paulo mwenyewe, wakasifiwa.

Swali la kuzungumza nyumbani: Juma hili mtoto wako alikuuliza nini, nawe ulimjibu namna gani?