Nguo Iliyoingiwa na Rangi: Tusikimbilie Kununua Mpya



Wiki chache kabla ya Pasaka, majoho meupe ya pamba ya kwaya katika parokia moja yalifuliwa pamoja na khanga mpya nyekundu. Khanga ilichuja, majoho yakawa ya waridi. Kamati ilikwisha kuandika maombi ya fedha za kununua mengine. Tuliomba tujaribu kwanza kuyaokoa pamoja na akina mama wanaoyafua. Tuliyojifunza tunawashirikisha hapa.

Kwanza, nguo isianikwe wala kupigwa pasi. Khanga mpya huwa na rangi ya ziada ambayo haikushika vizuri kwenye nyuzi zake. Rangi hiyo ikihamia nguo nyingine, hutoka kwa urahisi zaidi nguo ikiwa bado mbichi. Joto na kukauka huifanya ing'ang'anie.

Pili, tenganisha nguo mara moja. Suuza ile iliyoingiwa rangi kwa maji baridi mpaka yatoke safi, kisha ifue tena kwa sabuni.

Tatu, rangi ikibaki, loweka nguo kwa dawa ya unga ya kung'arisha, ile ya oksijeni isiyo na klorini, katika maji ya vuguvugu kwa saa kadhaa. Inafaa hata nguo nyingi za rangi, lakini ijaribu kwanza kwenye pindo. Haifai sufu wala hariri.

Nne, dawa ya klorini, ambayo wengi huiita jiki, itumike kwa pamba nyeupe tu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Isichanganywe kamwe na siki wala dawa nyingine ya usafi, kwani inaweza kutoa hewa yenye sumu.

Majoho yote yalirudi meupe, isipokuwa mawili yaliyokwisha kupigwa pasi. Kamati ikabadili maombi yake: badala ya seti nzima, majoho mawili.

Ili kuzuia hasara, lowanisha pindo la khanga mpya na ulikamue kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikishika rangi, khanga hiyo ifuliwe peke yake. Chumvi na siki, tulivyozoea kushauriana, si kinga ya kutegemewa kwa rangi za viwandani.

Tunaziomba kamati zisome somo hili pamoja na wanaofua. Mali iliyonunuliwa kwa michango yenu imo mikononi mwao, lakini ni mara chache tunawaita mkutanoni.